Nilimpeleka mama kwenye bustani ya Hitachi kando ya bahari (Japani), akaomba baiskeli. Uzi mrefu kidogo

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za humu ndani. Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu wa Misungwi, huu ni mwaka wa saba niko Japani, nafanya kazi mkoa wa Ibaraki huku kaskazini mwa Tokyo. Mwaka jana mwezi wa nne nilifanikiwa kumleta mama yangu mzazi kunitembelea na katika sehemu zote nilizompeleka, Tokyo kwenye maghorofa, sijui wapi na wapi, sehemu anayoiongelea mpaka leo ni moja tu, ile park kubwa ya Hitachi iliyopo kando ya bahari kwenye mji wa Hitachinaka. Nimeona watu wengi wanaulizia humu kuhusu kutembea Japani nikasema ngoja niandike, maana hii sehemu picha zake mmeshaziona hata kama jina hamlijui. Ule mlima wa bluu unaozunguka mitandaoni kila mwaka, bluu ya maua chini na bluu ya mbingu juu mpaka huoni vinapokutania, ndio huo.

Maua yenyewe yanaitwa nemofila, asili yake California, Wajapani wakayaleta. Ni maua madogo sana, ukisikia mlima wa maua unategemea maua ya kukufikia kiunoni, hamna, yanakuja usawa wa kifundo cha mguu ukizidi sana nusu ya muundi. Ua moja lina petali tano, bluu ya kupauka, katikati peupe, upana wake kama sarafu. Yapo mamilioni, wenyewe wanasema zaidi ya milioni 4, yamepandwa kwenye kilima kinachoitwa Miharashi no Oka, yani kilima cha kutazamia. Yanachanua kuanzia katikati ya mwezi wa nne mpaka mwanzoni mwa mwezi wa tano hivi. Chini ya kilima wanaweka na maua ya njano ya jamii ya haradali, kwahiyo unapanda kutoka njano unaingia bluu na ukifika juu unaona bahari ya Pasifiki.

Tulitoka Tsuchiura asubuhi kwa treni ya Joban mpaka stesheni ya Katsuta, hapo unatoka mlango wa mashariki unapanda basi, robo saa dakika ishirini umefika geti la magharibi. Kiingilio cha kawaida ni yeni 450 mtu mzima, msimu wa nemofila wanaongeza inakuwa 800, watoto mpaka wanaomaliza sekondari ya chini wanaingia bure. Hapo kwenye watoto bure niliwapigia saluti.

Sasa mama. Mama ni mkulima, ana miaka 61, amelima pamba, mpunga, viazi, na choroko. Tukapanda kile kilima taratibu, watu wengi kweli, kila mtu simu juu anapiga picha. Mimi nasubiri aseme ni pazuri. Yeye akachuchumaa pembeni ya njia, hakugusa ua maana vibao vya kukataza vipo, akachukua udongo kidogo ulioingia njiani akausugua kwa vidole. Akasema, "Baba, hapa ni mchanga mtupu. Hawa watu wamewezaje?" Hilo ndio swali la kwanza la mama kwenye mlima wenye mamilioni ya maua na mimi miaka yote nimeenda pale sijawahi kujiuliza.

Nikamsogelea mzee mmoja mfanyakazi alikuwa anang'oa magugu, nikamtafsiria swali. Yule mzee alifurahi huyo! Akavua kofia akamwinamia mama, akaeleza kwamba mbegu wanamwaga kabla ya baridi, inaota inakaa chini miezi yote ya baridi, inapigwa na upepo wa bahari, na maua yakiisha wanayatoa yote wanalima upya wanapanda mimea mingine inaitwa kokia ambayo mwezi wa kumi inageuka kuwa myekundu kilima kizima. Yani shamba moja misimu miwili. Mama akasema hapo sasa nimeelewa, akampa mkono.

Naendelea post inayofuata, baiskeli bado.

#2 Mdau, Dar

Nakaa siti ya mbele kabisa. Huyo mama nimempenda bure. Endelea mkuu, usije ukapotea kama wengine.

#3 Mdau, Mwanza

Mwadila! Msukuma akiona maua anauliza udongo, safi sana. Tunasubiri baiskeli.

#4 Mleta uzi

Mwadila sana. Haya tuendelee.

Tuliposhuka kilimani mama akaona watu wanapita na baiskeli kwenye njia yao, wazee kwa vijana, mama mmoja na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Akaniuliza, hizo wamekuja nazo au wanapewa hapa? Nikamwambia wanakodisha pale getini. Akanyamaza kidogo. Alafu akasema anaomba moja.

Wakuu nieleweke. Mama yangu ndiye aliyekuwa na baiskeli kwetu, Phoenix nyeusi, baba alifariki mapema. Mimi nimekulia kwenye keria ya ile baiskeli. Mnadani nimeenda nikiwa kwenye keria, shule darasa la kwanza keria, usiku nilipopata degedege alinifunga mgongoni kwa kitenge akanyonga mpaka hospitali kilomita zaidi ya kumi, njia ya vumbi, tochi kaing'ata mdomoni. Goti lilipoanza kumsumbua akaacha, baiskeli akapewa mjomba. Kwahiyo alipoomba sikuwa na ubavu wa kukataa ingawa roho ilikuwa juu juu, nawaza akianguka hapa ugenini nitawaambia nini ndugu.

Tukakodi mbili, ilikuwa kama yeni 600 kwa masaa matatu. Ni zile baiskeli zao za kawaida za akina mama, hazina bomba la juu, kwahiyo kwa mtu aliyevaa kitenge ndio kabisa. Yule kijana wa kukodisha akateremsha siti. Mama akabonyeza breki ya mbele, akabonyeza ya nyuma, akaminya tairi zote mbili kwa dole gumba, akainua gurudumu la nyuma akazungusha pedeli akasikiliza mnyororo. Yule kijana anamwangalia tu. Mama akaniambia hii imetunzwa. Akakaza kitenge, akasukuma mguu mmoja, mara mbili, akapanda. Wala hakuyumba, mimi ndiye nilibaki nimesimama namwangalia mpaka akageuka kuniita.

Njia za baiskeli mule ndani zina urefu wa kama kilomita 11, na hazichanganyiki na wanaotembea kwa miguu, hilo ni la muhimu sana. Lami laini. Wanaendesha kushoto kama kwetu kwahiyo hupati shida. Unapita katikati ya misitu ya misonobari, kuna sehemu ina giza la kivuli na baridi alafu ghafla unatokea kwenye uwazi na upepo wa bahari unakupiga kifuani. Kule upande wa baharini kuna vilima vya mchanga na majani yake ya pwani, watu wachache mno. Maelfu ya watu wote wamejazana kwenye kilima cha bluu, wanapiga picha, wanakula aiskrimu ya bluu, wanarudi Tokyo. Ile park sehemu iliyofunguliwa ni hekta kama 215, kilima ni kipande kidogo tu! Mtu anayekuja pale akaishia kilimani mimi namhesabu hajafika. Kodi baiskeli. Hata kama una nusu siku, gawa muda nusu kwa nusu, kilimani asubuhi mapema alafu baiskeli mpaka ulipochoka.

Ila zingatieni, kilimani huruhusiwi kupanda na baiskeli, unaiacha chini kwenye maegesho yake, unafunga na kufuli wanakupa.

#5 Mdau, Mombasa

Niaje watu wa humu. Hii story imenigusa sana. Mama akikuuliza tena huo udongo wa mchanga wamewezaje, mwambie hata sisi huku Mombasa tuko na yetu. Pale Bamburi kulikuwa timbo la kampuni ya simiti, wamechimba mawe ya matumbawe mpaka ikabaki jangwa jeupe, jua likiwaka huwezi fungua macho. Mwaka 1971 René Haller akaanza kujaribu miti, mingi ikakufa, mivinje ndio ikashika. Shida ikawa majani ya mvinje hayaozi, yanajilundika tu. Wakaleta jongoo! Hawa jongoo wekundu wa huku pwani, wakayatafuna majani yakawa mbolea, na polepole udongo ukapatikana pahali hapakuwa na udongo. Leo ni Haller Park, twiga wako, viboko wako, na ng'ambo ya barabara kuna zile njia za msituni za kukimbia na kuendesha baiskeli, wenyeji wanaenda jioni kukishapoa. Mimi hupeleka watoto. Yule mtoto wa kiboko Owen na kobe Mzee waliokuwa marafiki walikuwa hapo, mnakumbuka baada ya tsunami ya 2004.

Kwahiyo swali langu, hiyo ya Japani pia ilikuwa nini kabla?

#6 Mleta uzi

Ndugu wa Mombasa asante kwa hilo la jongoo, nimempigia mama nimemwambia, amesema jongoo hajawahi kuwa adui wa mkulima. Na swali lako ndilo lililonifanya niandike huu uzi, nilikuwa natafuta pa kuingilia.

Pale palikuwa uwanja wa mabomu.

Kabla vita kuu ya pili haijaisha palikuwa uwanja wa ndege wa jeshi la Japani. Vita ilipoisha Wamarekani wakapachukua wakapageuza sehemu ya mazoezi, ndege zinakuja kutoka baharini zinashuka chini zinapiga risasi na kuangusha mabomu ya kujifunzia kwenye ule mchanga. Miaka na miaka. Na kuzunguka pale kuna vijiji, wakulima wa viazi na karanga, wavuvi. Mabomu mengine yalikuwa yanakosea yanaangukia kwa watu. Mwaka 1957, mwezi wa nane, ndege moja ya Wamarekani iliruka chini kupita kiasi karibu na ule uwanja ikawagonga mama na kijana wake waliokuwa kwenye baiskeli. Mama alikuwa na miaka sitini na kitu. Alifariki palepale. Kijana akaumia vibaya.

Nilikuwa nimelijua hili siku nyingi, nilisoma nilipohamia huku, lakini nilikuwa nimelisoma kama mtu anavyosoma historia. Siku ile naendesha nyuma ya mama kwenye misonobari, kitenge chake kinapepea, mgongo wake ule ule niliokuwa nauangalia nikiwa kwenye keria, ikanirudia nikashindwa hata kunyonga. Nikasimama. Mama akageuka akauliza kuna nini, nikamwambia mnyororo umelegea. Akarudi akaukagua, akasema mbona uko sawa.

Wenyeji walidai ule uwanja urudishwe kwa miaka mingi, na mwaka 1973 ukarudishwa. Na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Ardhi ya ufukweni, tambarare, kubwa, karibu na Tokyo, mnajua ingeweza kuwa nini. Sehemu nyingine ya eneo hilo kweli ikawa bandari na viwanda, sikatai, watu wanahitaji kazi. Ila kipande kikubwa kikaachwa kiwe cha wananchi, park ya taifa, ikafunguliwa mwaka 1991. Miaka 18 tangu irudishwe! Walikuwa na subira. Mimi kila nikipita pale nawaza fukwe zetu, mtoto wa Tandale au wa Igoma ana haki ya kuona maji na kukanyaga nyasi bila kununua soda ya mtu. Sisemi tupande nemofila, hali ya hewa yetu nyingine kabisa, nasema njia tu ya baiskeli yenye kivuli, kando ya maji, ya bure au ya buku. Hiyo tunaiweza.

#7 Mdau, Dar

Aisee. Nimesoma hiyo ya 1957 mara mbili. Mimi jumapili huwa napeleka familia Coco Beach, mihogo, upepo, watoto wanacheza, hatulipi kiingilio, na kila nikisikia tetesi za kupajenga roho inaniuma. Kwahiyo nimekuelewa vizuri sana.

Maswali mawili. Moja, viza ya mama ilikuwaje? Mbili, chakula? Wazee wetu kwenye chakula ni mtihani.

#8 Mleta uzi

Viza ni ile ya muda mfupi ya kutembelea ndugu, mimi niliandika barua ya mwaliko, ratiba ya siku zote atakazokaa, uthibitisho wa kipato changu na ushahidi kwamba kweli ni mama yangu. Mwisho ni siku 90. Anzeni mapema, cheti cha kuzaliwa ndicho kilichotuchelewesha.

Chakula sasa, hapa kuna stori. Wiki ya kwanza alikuwa anakula wali na samaki tu. Siku ile ya park tulipotoka tukapita kwenye duka la mazao, mji wa Hitachinaka na majirani zake unasifika kwa kitu kinaitwa hoshi-imo, karibu zote zinazotengenezwa Japani zinatoka mkoa huu wa Ibaraki. Mama akaona pakiti, akachukua akaigeuza, akaibonyeza juu ya nailoni, akanitazama. "Haya si matobolwa?"

Kwa wasio wa kanda ya ziwa, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vipande vikaanikwa juani mpaka vikakauka, tofauti na michembe ambayo inakatwa mibichi. Na hoshi-imo ni hivyohivyo! Wanapika kwa mvuke, wanamenya, wanakata, wanaanika na upepo wa baridi kutoka baharini unakausha. Mchanga ule ule uliomshangaza mama kilimani ndio viazi vinaupenda. Ya kwao inabaki laini kidogo, ya dhahabu, na inanata kwenye meno, yetu inakuwa ngumu zaidi maana sisi tunataka ikae mpaka njaa ipite. Muuzaji alikuwa bibi wa makamo ya mama. Mama akamuuliza kupitia kwangu, mnaanika juu ya nini? Bibi akaonyesha picha ukutani, chanja za nyavu zimepangwa safu safu. Mama akamwambia sisi juu ya mawe, miamba ya kwetu inapata moto kweli. Wakaongea hivyo mimi nikiwa katikati kama robo saa, bibi akatuongeza pakiti moja bure. Mama akasema "wabeja", yani asante kwa Kisukuma, bibi akajaribu kuirudia.

Baada ya hapo shida ya chakula ikaisha, asubuhi chai na hoshi-imo mpaka anaondoka.

#9 Mdau, Mwanza

Miamba ya kwetu inapata moto kweli 😂 mama hajakosea. Mkuu umenikumbusha bibi yangu, alikuwa anatuweka tuwalinde kuku wasidonoe matobolwa juu ya jiwe.

Ulimwambia mama kuhusu yule mama wa 1957?

#10 Mleta uzi

Nilimwambia kwenye treni tukirudi. Nilifikiria nisimwambie nisimharibie siku, lakini mama yangu sijawahi kumficha kitu nikalala vizuri, na ule uongo wa mnyororo ulikuwa unanikereketa.

Aliuliza kitu kimoja tu, yule kijana alipona? Nikamwambia aliumia sana. Akauliza tena, nimekuuliza alipona? Nikasema alibaki hai mama. Akaitikia kwa kichwa. Akageukia dirishani, nje mashamba ya mpunga wameshaanza kujaza maji. Vituo vitatu vinne hakusema kitu. Alafu akaniuliza ule mnyororo kwanini nilimdanganya, nikashindwa kujibu, akafungua pakiti ya yule bibi akanipa kipande kikubwa.

#11 Mdau, Oman

Assalam alaykum. Mimi niko Muscat, mwezi wa kumi nina likizo na nilikuwa nimeshapanga kupita Japani. Nikija muda huo si nitakuta maua yameisha? Na je naweza kwenda na kurudi Tokyo siku moja? Nakuja na mke na watoto wawili, miaka 9 na 4.

#12 Mleta uzi

Waalaykum salam. Ukija katikati ya mwezi wa kumi ndio vizuri sana, unakuta kokia. Hizo ni kama vichaka vya duara, vinafika kiunoni, kama 33,000 kwenye kilima kilekile, kiangazi ni kijani alafu vinabadilika mpaka vinakuwa vyekundu kama pilipili iliyoiva. Zamani Wajapani walikuwa wanakausha mashina yake wanatengenezea mifagio, na pale park bado wanaonyesha watu kuifunga msimu ukiisha. Kwa watoto mimi naona kokia ni bora kuliko nemofila, wanakimbia kwenye njia katikati ya vichaka.

Siku moja inatosha. Kutoka Ueno panda treni ya haraka ya Joban mpaka Katsuta, saa moja na robo hivi, alafu basi. Nenda siku ya kazi, sio jumamosi wala jumapili, na uangalie kalenda yao kabla maana kuna siku za wiki wanafunga. Fika geti likifunguliwa, kilimani kwanza, alafu baiskeli. Huyo wa miaka 4 mkodie yenye kiti cha nyuma, wa miaka 9 zipo ndogo. Msipoweza kuendesha kuna kitreni cha matairi kinazunguka park nzima, mnashuka na kupanda. Na kuna gurudumu kubwa la kupanda watoto, juu kule mnaona bahari yote. Bebeni makoti, upepo wa pale hauna mchezo hata jua likiwaka.

Chakula halali mle ndani sikumbuki kuona, fungasheni, meza za kukalia chini ya miti zipo nyingi.

Mkishafika nitumie ujumbe, kutoka kwangu ni karibu, nitakuja na baiskeli yangu. Mama anarudi mwakani Mungu akipenda, ameshaniambia niulize kama wanaruhusu kuja na kitenge cha kufungia mtoto mgongoni, nadhani ana mpango na mjukuu.